Umekataliwa na nani?

Mwaka 2014 wahandisi wa Amazon mjini Edinburgh walianza kuunda programu ya kuchuja maombi ya kazi. Ndoto ilikuwa kuilisha sivii 100, itoe 5 bora, hao waajiriwe. Kila mwombaji alipewa nyota, moja hadi tano, kama wateja wanavyozipa nyota bidhaa za kampuni hiyo hiyo.

Programu ilifunzwa kwa sivii zilizopokelewa kwa miaka 10, nyingi zikiwa za wanaume. Ikakariri ilichokikuta humo. Aliyeandika kwamba aliwahi kuwa nahodha wa klabu ya wanawake ya chesi alishushwa alama. Wahitimu wa vyuo viwili vya wanawake pekee nao hawakupona. Wahandisi walirekebisha hilo, lakini hakuna aliyeweza kuapa kwamba mashine haitabuni njia nyingine ya kubagua. Mapema 2017 timu ilivunjwa, na Oktoba 2018 shirika la habari la Reuters likaianika habari yenyewe. Amazon ilisema waajiri wake hawakuwahi kuitumia kupima waombaji.

Wengi huisimulia kama kisa cha mashine yenye chuki. Mimi sioni chuki hapo. Ilifuata kwa utii nyayo za mabosi waliotangulia, ambao upendeleo wao ulikuwa umelala kwenye mafaili bila kusumbua mtu. Kinachonitia wasiwasi ni kumpoteza wa kuulizwa. Ofisi zetu zina kujuana, tusijifanye hatujui, lakini anayekunyima kazi kwa kujuana ana jina na ana mlango.

Sasa afisa rasilimali watu anafungua kompyuta na kukuta majina 20 yaliyopita, mengine mamia yameshawekwa kando. Ukimuuliza kwa nini fulani hayumo, atakujibu jibu tulilolizoea benki na hospitali: mfumo umekataa. Na huyo fulani huenda barua yake aliandikiwa na akili mnemba, kwa hiyo mashine imeandika, mashine imesoma, binadamu wawili wanasubiri pembeni.

Nchini Marekani, Derek Mobley aliishtaki kampuni ya Workday mwaka 2023 akidai kwamba programu zake za kuchuja waombaji zilimbagua kwa rangi, umri na ulemavu. Anasema aliomba kazi zaidi ya 100 akakataliwa, na jibu mojawapo lilimfikia saa 7:50 usiku, chini ya saa moja tangu aombe. Workday inakana madai hayo.

Kwetu sheria ipo. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Uamuzi wa namna hiyo ukifanyika, anapaswa kujulishwa kwa maandishi, naye anaweza kutaka uangaliwe upya. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yenye kinga ya aina hiyo.

Kwa hiyo mhitimu aliyechujwa anaweza kuandika barua kuuliza kama kuna mtu aliyeisoma sivii yake. Sijui ni ofisi ngapi zimempangia mtu kazi ya kuijibu.