Kisima chembamba kando ya sheli

Mgololo imejulikana nchini Tanzania kwa kiwanda cha karatasi, lakini kazi zake za kila siku zinaendeshwa na dizeli. Malori ya magogo, matrekta, jenereta na treni za TAZARA zinazopita stesheni ya hapo vyote vinategemea mafuta. Mafuta yanahitaji matangi, na matangi ya sheli hufukiwa ardhini. Ardhi hiyohiyo ndiyo inayotunza maji ya chemchemi na visima.

Tangi la chuma kwenye udongo wenye unyevu huliwa na kutu. Mara nyingi uvujaji huanzia kwenye maungio ya mabomba yanayopeleka mafuta kwenye pampu. Msimamizi akipima tangi asubuhi kwa kijiti, upungufu wa lita chache anaweza kuuona kuwa tofauti ya kawaida ya vipimo, na tundu dogo likaendelea kuvuja kwa miaka.

Mafuta yakishuka hadi kwenye maji hayazami. Huelea juu yake, huku sehemu yake, hasa ya petroli, ikiyeyuka na kusafiri na maji: tolueni, zaileni na, mbaya kuliko zote, benzeni. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka benzeni katika kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Hushambulia uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa.

Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za benzeni kwa lita. Harufu yake majini, kwa mujibu wa shirika hilo, huanza kusikika kwenye miligramu 10 kwa lita, mara 1,000 ya kiwango hicho. Petroli ina vitu vingine vinavyonuka mapema zaidi, lakini mtu asiyesikia harufu yoyote hana sababu ya kujiona salama.

Wakazi wa Thange, kaunti ya Makueni nchini Kenya, waligundua mafuta kwenye maji yao Mei 2015. Yalikuwa yamevuja kutoka bomba la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978. Visima na mto waliotegemea kwa kunywa, kunywesha mifugo na kumwagilia mashamba vilichafuka. Shauri lao lilichukua miaka, hadi mwaka 2025 mahakama ilipoamuru walipwe mabilioni ya shilingi za Kenya.

Sheli moja haiwezi kumwaga mafuta mengi kama bomba hilo, lakini njia ya kuukamata uvujaji wake mapema ipo: visima vya uangalizi. Ni mabomba ya plastiki yenye upana wa inchi 2 hivi, yaliyotobolewa matundu membamba upande wa chini na kufungwa kwa kufuli juu. Vinahitajika angalau vitatu, visivyo kwenye mstari mmoja, kwa sababu tofauti ya vina vya maji yake ndiyo inayoonyesha maji yanaelekea wapi. Kimoja hukaa upande maji yanakotoka, ili ijulikane yalikuwaje kabla ya kupita chini ya tangi.

Fundi hushusha kwanza utepe wenye kihisio, ambao hulia mlio mmoja ukigusa mafuta na mwingine ukigusa maji. Kisha huondoa maji yaliyotuama bombani na kuchota mapya. Huyamimina taratibu kwenye kichupa cha kioo cha mililita 40 hadi yatune mdomoni, anafunga kifuniko, anakipindua na kukigonga kwa kidole. Akiona kipovu cha hewa, anamwaga na kuanza upya, kwa kuwa benzeni hukimbilia kwenye hewa hiyo na maabara itasoma kiwango cha chini kuliko ukweli. Kichupa husafirishwa kikiwa kimezungukwa na barafu.

Nyanda za Juu Kusini, iliko Mgololo, zina jambo lake. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, takriban Novemba hadi Mei, kisha kiangazi huteremsha maji chini ya ardhi. Mafuta nayo hupanda na kushuka, yakipaka udongo njia nzima. Mvua zikirudi, sehemu hunaswa chini ya maji na kisima kikaonekana kisafi. Kipimo cha mwezi mmoja tu kwa mwaka kinaweza kudanganya. Cha Mei na cha Oktoba vikisomwa pamoja vinaaminika zaidi.

Habari njema ni kwamba udongo una bakteria wanaokula mafuta. Utafiti uliofanywa California mwaka 1995 ulikuta kuwa benzeni kutoka matangi yaliyovuja mara nyingi haikusafiri zaidi ya mita 80 hivi. Miamba yenye nyufa inaweza kuipeleka mbali zaidi, kwa hiyo ni vipimo vya kurudiwa tu vinavyoweza kuonyesha kama bakteria wanashinda.

EWURA hutoa leseni za vituo vya mafuta, NEMC husimamia tathmini za mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ina makao yake Iringa. Visima vya uangalizi vichimbwe siku tangi linapofukiwa, na matokeo yabandikwe ofisi ya kijiji, wanakoweza kuyasoma wanaokunywa maji hayo.

Anayesikia harufu ya petroli kisimani asiyachemshe maji hayo: mvuke wa benzeni utajaa jikoni, na moto uko karibu. Aache kuyatumia, awazuie majirani, kisha atoe taarifa RUWASA, wakala wa maji vijijini, au ofisi ya bonde.