SIMBA WA VIFARU NA SIMBA WA SHAMBANI

Wiki hii nilikuwa Kibuta, kule Kisarawe, kwa babu. Si nikatinga na fulana yangu nyekundu ya Simba! Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama juu mpaka chini. "Mjukuu wangu, huyo uliyemvaa unamjua lakini?"

Kumjua mbona namjua! Nikamtolea habari ya mazoezi ya kijeshi ya Wamarekani na majeshi ya Afrika yanayoitwa African Lion, yaani Simba wa Afrika. Jina kali, eti? Ila sikia kichekesho. Yalianza mwaka 2004 na mwenyeji wake mkubwa ni Moroko, nchi isiyo na simba hata mmoja porini! Wa mwisho anayejulikana alipigwa risasi milima ya Atlas mwaka 1942. Vifaru vinanguruma kwa jina la marehemu. Sisi wenye simba wengi kuliko nchi yoyote duniani, mazoezi yetu na majirani wa Afrika Mashariki tunayaita Ushirikiano Imara. Haya, nani amwazime mwenzie jina?

Babu wala hakucheka. Akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za Osama. Nikajua mzee ameingia kwenye siasa, kumbe wapi! Osama alikuwa simba, tena wa jirani tu hapo Rufiji. Wanajeshi wanaazima jina kwa simba, watu wa Rufiji wao wakaazima jina la vita wakampa simba. Kwa miezi kama 20, watu wapatao 35 waliliwa katika vijiji vinane, mpaka alipouawa Aprili 2004. Ndiyo, mwaka uleule Moroko walipoanza! Alikuwa kijana wa miaka mitatu na nusu hivi, gego limepasuka, usaha umejaa chini yake. Jamani, jino lilivyo, nani asiyelijua?

Lakini jino haliwezi kubeba lawama zote. Watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda na wenzao walihesabu watu 563 waliouawa na simba Tanzania kati ya 1990 na 2004, na 308 au zaidi waliojeruhiwa. Balaa lilizidi msimu wa mavuno. Chanzo? Nguruwe mwitu! Wanyama wengine wakipungua, nguruwe anabaki kwa sababu ya mazao yetu. Mkulima analala shambani kumlinda nguruwe asile, simba anamfuata nguruwe, anamkuta mkulima. Na mtu akishaliwa, kijiji kinatoka na mikuki na sumu, hapo simba yeyote atakayeonekana amekwisha, mwenye kosa na asiye na kosa.

Kwa hiyo mimi nasema, anayetaka simba wetu wasiishie kwenye fulana aanze na nguruwe: uzio wa maana, na dungu lenye mlango. Dungu la babu lina miti minne na makuti, basi.

Na muhogo wake umekomaa. Usiku ule nikapanda naye dunguni, yeye kalala, mimi na debe langu. Kama saa nane kitu kikachakarisha majani. Nilipiga lile debe mpaka kiganja kikavimba. "Nguruwe huyo," babu akasema bila kuinuka. "Simba usingemsikia."