Tangi Ndogo Kwa Keja: Hawa Ndio Sikilidi Hawatakuangusha

Unataka samaki kwa keja lakini meza yako inabeba tangi ya lita 40 pekee. Kabla utoe doo, soma hii.

Mimi niliuziwa mbuna wawili wa Ziwa Malawi, wadogo kama kidole. Nikaambiwa hawakui sana. Haikuchukua muda, mmoja akamaliza mwenzake. Ukweli ni kwamba mbuna wengi huvuka sentimita 10, na dume hataki kuona dume mwingine mtaani kwake. Kwa tangi ndogo, anayekimbizwa hana pa kutorokea.

Sasa tafuta hawa wa Ziwa Tanganyika: Neolamprologus multifasciatus. Wafugaji huwaita tu "multi". Dume hufika karibu sentimita 5, jike mdogo zaidi. Keja zao ni maganda matupu ya konokono. Humo wanalala, wanataga na kujificha. Kwa hivyo weka mchanga wa sentimita 5, maana wanachimba kama wasee wa mjengo, na maganda mawili au matatu kwa kila samaki. pH iwe 7.5 hadi 9, joto nyuzi 24 hadi 27.

Ukivutiwa na rangi za ramirezi wa Amerika Kusini, jua huyo anataka maji laini na moto zaidi. Usiwachanganye.

Na usikimbie. Washa filta wiki 4 hadi 6 kwanza, bakteria wa kumaliza amonia wajijenge, hata kabla ya samaki wa kwanza. Kisha anza na sita. Wengine watazaliwa hapo hapo.