Mji wa manyoya unaoishi kwa ngozi

Ukitaka kumshika mbuni, mfunike macho. Katika mashamba ya Oudtshoorn, Afrika Kusini, mfanyakazi huvaa mkononi kitambaa kilichoshonwa kama soksi isiyo na kidole. Huudaka mdomo wa ndege kwa mkono huohuo, kisha huigeuza soksi ikateleza mpaka ikafunika kichwa. Ndege mwenye kilo zaidi ya 100, anayeweza kukimbia kilomita 70 kwa saa na kumpasua mtu tumbo kwa teke moja, hutulia palepale. Jicho lake, lenye upana wa sentimita 5 hivi, ni kubwa kuliko ubongo wake, na ndilo analolitegemea kujilinda.

Biashara yote ya mbuni imejengwa juu ya maarifa ya namna hiyo, na Oudtshoorn ndipo yalipokusanyika. Mji huu uko kwenye bonde kavu la Klein Karoo, kati ya milima ya Swartberg na Outeniqua. Zamani manyoya yalipatikana kwa kuwinda, na kila mbuni alitoa mara moja tu kwa sababu aliuawa. Sensa ya Koloni ya Cape ya mwaka 1865 ilihesabu mbuni 80 tu wa kufugwa. Mambo yalibadilika baada ya wakulima kupanda lusini ya kuwalisha mbuni kwa maji ya mifereji, na mfugaji Arthur Douglass kutengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga mwaka 1869.

Thamani ya mashine hiyo utaielewa ukitazama kiota. Mbuni hachimbi zaidi ya shimo la kina kifupi ardhini. Majike kadhaa hutaga humo, lakini anayeatamia ni jike mkuu, akipokezana na dume. Jike, mwenye rangi ya udongo, hukaa mchana. Dume, mweusi, hukaa usiku. Hufanya hivyo kwa siku 42 hivi. Wanaomwona ameinamisha shingo hadi chini hudhani amefukia kichwa mchangani, kumbe anageuza mayai kwa mdomo. Jike mkuu huyajua mayai yake. Yakizidi, husukuma ya wenzake pembeni, na huko ndiko mbweha wanakoanzia kula. Kwa mfugaji, kila yai la pembeni lilikuwa hasara. Mashine iliyaokoa, na jike anayeondolewa mayai huendelea kutaga.

Unyoya wenyewe haung'olewi. Ukishakomaa, damu haipiti tena ndani yake, hivyo hukatwa kwa mkasi bila maumivu, kama tunavyokata kucha. Kishina kinachobaki huachwa kikauke kabla ya kutolewa, na mwingine huota. Hapo mbuni akawa mfugo wa kuvunwa mwaka hadi mwaka. Kufikia 1913, manyoya yalishika nafasi ya nne katika bidhaa za Afrika Kusini zilizouzwa nje, nyuma ya dhahabu, almasi na sufu. Wafanyabiashara wa Kiyahudi kutoka Lithuania walihamia Oudtshoorn, na majumba ya mawe yaliyojengwa kwa fedha za manyoya bado yamesimama.

Anguko la 1914 lilikuja kwa kishindo. Kofia kubwa zilizopambwa kwa manyoya hayo zilikuwa zimeanza kuachwa, kwani hazikai kichwani ndani ya motokaa isiyo na paa. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja, soko la manyoya la London likafa. Wenye mashamba walikuwa na ndege wengi wa kulisha na mnunuzi mmoja tu, mwanamke tajiri wa Ulaya na Marekani. Alipobadili mavazi, wakafilisika.

Biashara ya leo ilizaliwa upya kupitia ushirika ulioanzishwa mwaka 1945, na mhimili wake ni ngozi. Vinundu vinavyobaki pale manyoya yalipoota ndivyo vinavyoipa bei. Ngozi hiyo hutengenezwa mikoba ya kifahari na viatu vya buti vinavyopendwa Texas. Nyama ni nyekundu kama ya ng'ombe na ina mafuta kidogo. Lakini mwaka 2011 mafua ya ndege yalipozuka, maelfu ya mbuni waliuawa, Ulaya ikafunga mlango kwa nyama mbichi, na viwanda vikalazimika kuuza iliyopikwa. Naona kosa la 1914 likijirudia: bidhaa bora, wanunuzi wachache, wote ng'ambo ya bahari.

Shambani kwenyewe, mtihani mkubwa ni vifaranga. Wengi hufa katika miezi mitatu ya mwanzo. Mbuni hana meno. Humeza vijiwe vimsagie chakula kwenye firigisi. Kifaranga aliyehamishwa ghafla au kutishwa humeza kupita kiasi, iwe mchanga au majani, mpaka tumbo linaziba. Yai la kilo moja na nusu humvutia mgeni, lakini faida huamuliwa na kifaranga huyo.

Kenya ina mbuni wa aina mbili, wa Kimaasai mwenye shingo ya waridi na wa Kisomali mwenye shingo ya buluu. Kwetu huyu ni mnyamapori, na kumfuga kunahitaji kibali. Kwa hiyo, msomaji unayefikiria kuingia katika biashara hii, anza na kibali. Kisha tafuta machinjio yatakayompokea ndege wako, na mnunuzi wa ngozi aliye tayari kuandikiana nawe mkataba. Vifaranga wanunue baada ya hapo.