Simba wa jezi tunamjua, wa porini je?

Mtoto wa Itaka anamjua simba wa kwenye jezi ya Msimbazi. Wa porini wanapungua: Afrika nzima wanakadiriwa hawazidi 25,000, Tanzania ikiwa na wengi kuliko nchi nyingine. Mtego wa waya uliotegewa swala humnasa simba pia. Kibaya zaidi ni sumu. Simba akila ng'ombe, mfugaji mwenye hasira (nani asingeumia?) humwagia mzoga dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Februari 2018, jirani na Hifadhi ya Ruaha, walikutwa wamekufa simba 6 na tai 74, ikishukiwa ni sumu. Baadhi ya vijiji vya huko sasa wanazungushia mazizi waya imara. Mzazi, dawa ya shamba iliyobaki umeiweka wapi?