Kufuli kwa Aliyelipa

Mwishoni mwa Oktoba 2005, Mark Russinovich, mmoja wa watu wanaoifahamu Windows nje ndani, alikuwa akijaribu toleo jipya la programu ya kusaka vitu vilivyofichwa kwenye kompyuta. Programu hiyo waliiandika yeye na mwenzake. Aliiendesha kwenye kompyuta yake mwenyewe, aliyoamini kuwa ni safi, nayo ikamtolea folda, faili na viendeshi ambavyo Windows haikuvionyesha popote. Alipofuatilia majina yaliyoachwa ndani ya faili hizo akaifikia kampuni ya Uingereza iitwayo First 4 Internet, na kutoka hapo akarudi kwenye CD ya muziki aliyoinunua kihalali: albamu Get Right with the Man ya ndugu wawili wa Van Zant, iliyotolewa na Sony BMG. Oktoba 31 akaweka kila kitu hadharani.

Kilichokuwa kimejificha kilikuwa kinga ya kuzuia CD isinakiliwe, iliyoitwa XCP. Kazi yake ilikuwa kumzuia mnunuzi asichome zaidi ya nakala 3 za CD yake, na asiuhamishie muziki wake kwenye iPod kwa njia ya kawaida. Ili isiondolewe kirahisi, ilijificha. Namna ilivyojificha ndiyo iliyowashtua wataalamu, maana hadi siku ile mbinu hiyo waliijua kama silaha ya wahalifu. Wanaiita rutikiti: programu inayoingia kwenye kiini cha mfumo endeshi na kuufanya umdanganye mwenye kompyuta.

Inafaa kueleza inavyofanya kazi. Ukifungua folda, programu unayoiona kwenye skrini haiendi kusoma diski yenyewe. Inaiomba Windows orodha ya faili, na Windows hutazama kwenye jedwali la huduma zake ili kujua ombi hilo lipelekwe wapi. Kiendeshi kimoja cha XCP, kilichoitwa aries.sys, kilibadilisha anwani kwenye jedwali hilo ili maombi yapitie kwake kwanza. Kila jina lililoanza na $sys$ kililichomoa kwenye orodha kabla orodha haijamfikia aliyeiomba. Russinovich alilithibitisha hilo kwa jaribio ambalo mtu yeyote angeweza kulifanya. Alinakili Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia inayokuja na Windows, akaipa nakala jina linaloanza na $sys$. Nakala ikatoweka mbele ya macho yake. Ilikuwa palepale kwenye diski, ila kompyuta yake haikukiri tena kuwa ipo.

Kulikuwa na mengine. Kila baada ya sekunde 2 kinga hiyo ilikagua programu zote zilizokuwa zikiendeshwa, hata wakati CD haimo kwenye mashine, ikila nguvu ya kompyuta bila mwenyewe kujua inakokwenda. Mkataba uliojitokeza kwenye skrini ulisema programu ndogo itawekwa, kujificha haukukutaja. Njia ya kuiondoa haikuwepo. Russinovich alipozifuta faili zake kwa mkono, kisoma CD chake kilitoweka kwenye Windows, kwa kuwa XCP ilikuwa imejipachika katikati ya njia ambayo amri za kisoma CD hupitia. Yeye alijua pa kutengeneza. Mtu wa kawaida angebeba kompyuta yake hadi kwa fundi, akalipia matengenezo ya kosa la kununua albamu.

Maficho hayo hayakuchagua wa kuyatumia. Programu za kukinga virusi nazo huiuliza Windows kuna faili gani, na Windows ilikuwa imeshafunzwa kunyamaza. Ndani ya wiki mbili zilionekana programu za kihalifu zilizojipa majina yanayoanza na $sys$ ili zifichwe bure na kinga ya Sony BMG. Wachezaji wadanganyifu wa mchezo wa mtandaoni World of Warcraft nao waliitumia kuficha hila zao zisionwe na mfumo wa kuwakagua. Wakati huo mkuu wa biashara ya kidijitali wa Sony BMG alihojiwa kwenye redio ya Marekani NPR, akasema kwamba watu wengi hata hawajui rutikiti ni nini, basi kwa nini iwashughulishe. Kauli hiyo iliwaudhi wateja, na walikuwa na haki ya kuudhika. Kutojua kwao ndiko kulikowafanya wastahili kuambiwa.

Kampuni ikatoa njia ya kuiondoa. Mteja alitakiwa ajaze fomu, atoe anwani yake ya baruapepe, kisha afuate kiungo atakachotumiwa. Ed Felten na mwanafunzi wake J. Alex Halderman wa Chuo Kikuu cha Princeton walipoichunguza dawa hiyo waligundua kwamba ilibakiza kwenye kompyuta kipande cha programu kinachopokea amri kutoka tovuti yoyote ile mtu atakayoitembelea. Dawa ilikuwa na hatari kuliko ugonjwa.

Ukubwa wa jambo ulipimwa kwa njia ya werevu. XCP ilikuwa ikiwasiliana na nyumbani kwake kupitia intaneti, na kila mawasiliano ya namna hiyo huanza kwa kuuliza seva za majina anwani ya kule yanakokwenda. Seva hizo hukumbuka jibu kwa muda. Mtafiti Dan Kaminsky akazizungukia seva za dunia nzima akiziuliza kama zina jibu hilo kwenye kumbukumbu. Seva zisizopungua 568,200 zilikuwa nalo. Nyuma ya kila moja ingeweza kuwa kompyuta moja, au maelfu. Sony BMG ilitaja albamu 52 zenye XCP. Diski kama milioni 4.7 zilikuwa zimetengenezwa na zaidi ya milioni 2 zimeuzwa. Ziliitwa zirudishwe, Mwanasheria Mkuu wa Texas akafungua kesi, na Januari 2007 Tume ya Biashara ya Marekani ikafikia makubaliano na Sony BMG iwalipe hadi dola 150 wale ambao kompyuta zao ziliharibika walipojaribu kuiondoa. Watafiti walikuta pia ndani ya XCP vipande vya msimbo wa programu huria, vilivyotumiwa bila kufuata masharti ya leseni zake. Programu iliyotengenezwa kulinda hakimiliki haikuheshimu hakimiliki ya wengine.

Kampuni kubwa hivyo ilifikaje huko? Jibu limo kwenye CD yenyewe. Philips na Sony walipoandika kanuni zake mwaka 1980, hawakuweka ndani yake kufuli la aina yoyote. Sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde kwa kila chaneli, kila kipimo huandikwa kwa biti 16, na namba hizo hukaa wazi kwa kisomaji chochote. CD zilipoingia sokoni mwaka 1982, albamu moja ilikuwa na data nyingi kuliko ambavyo kompyuta ya nyumbani ingeweza kuhifadhi, hivyo hapakuwa na wa kumwogopa. Miaka kama 15 baadaye kila kompyuta ilikuwa na kisoma CD, MP3 ilipunguza wimbo hadi kama sehemu ya kumi ya ukubwa wake, na mwaka 1999 ikaja Napster, huduma ya kubadilishana nyimbo kupitia intaneti. Mamilioni ya vicheza CD vilikuwa sebuleni na kwenye magari. Kanuni hazingeweza kubadilishwa bila kuvifanya vyote hivyo vyuma chakavu.

Ikabaki kutafuta tofauti kati ya kicheza CD na kompyuta, na kuigeuza mtego. Tofauti moja ni hii: kicheza CD cha zamani husoma sehemu ya kwanza tu ya diski, ilhali kompyuta hutafuta kwanza sehemu iliyoandikwa mwisho, iliyo karibu na ukingo wa nje. Watengenezaji wakaweka data mbovu kwenye sehemu hiyo ya mwisho. Kompyuta ikawa inajikwaa, redio ya sebuleni inaimba kama kawaida. Mwaka 2002 watu wakagundua kwamba mpaka wa sehemu hizo mbili unaonekana kwa macho kama mstari mwembamba kwenye upande unaong'aa, na kwamba ukiufunika ukingo wa nje kwa maka peni, kompyuta haioni tena ile data mbovu na inasoma muziki wote. Mwaka uliofuata Halderman huyohuyo alionyesha kwamba kinga ya kampuni ya SunnComm huzimika kwa kubonyeza kitufe cha Shift wakati wa kuingiza CD, kwa kuwa Shift huizuia Windows isiendeshe programu zilizomo kwenye diski. SunnComm ilitangaza kumshtaki, kisha ikaghairi.

Wahandisi waliotengeneza kinga hizo hawakuwa wajinga. Walipewa kazi isiyowezekana. Katika elimu ya kuandika ujumbe wa siri, mtumaji na mpokeaji wako upande mmoja, na adui yuko nje. Ufunguo wanao wao wawili, yeye hana. Katika kinga ya muziki, mpokeaji na adui ni mtu mmoja. Umemuuzia sanduku, umelifunga, na ufunguo ni lazima umpe, la sivyo hatasikia wimbo aliolipia. Kilichobaki ni kuuficha ufunguo humohumo ndani ya nyumba yake na kuomba asiutafute. Ukishaielewa hali hiyo, rutikiti haishangazi tena. Mwenye kompyuta akiwa ndiye adui, ulinzi hauna budi kumficha mambo yaliyomo ndani ya mali yake mwenyewe.

Wahandisi wanne wa Microsoft waliandika haya waziwazi mwaka 2002. Hoja yao ilikuwa kwamba inatosha mtu mmoja tu duniani avunje kufuli mara moja. Baada ya hapo nakala isiyo na kufuli husambaa, na wengine wote hawahitaji ujuzi wowote. Aliyekuwa akiuza nakala za magendo Kariakoo au River Road hakuhitaji kujua XCP ni kitu gani. Nakala yake ilitoka kwa aliyekwisha kuivunja. Sisemi kwamba wizi wa kazi za wasanii ni jambo dogo; wanamuziki wengi wamekufa maskini huku nyimbo zao zikipigwa kila baa. Ninachosema ni kwamba kufuli lile halikumgusa mwizi. Lilimgusa aliyeingia dukani akalipa.

Kwenye michezo ya kompyuta hali ilikuwa hiyohiyo, ila uvumilivu wa wateja ulikuwa mfupi zaidi. Septemba 2008 Electronic Arts ilitoa Spore ikiwa na sharti kwamba mnunuzi ataisajili kwenye kompyuta 3 tu. Ukibadilisha mashine, au ukisafisha diski na kupakia Windows upya, ungeweza kupoteza nafasi moja. Wanunuzi wakaishushia kwenye Amazon maelfu ya tathmini za nyota 1, wengi wakieleza kwamba mchezo wenyewe hawana ugomvi nao. Nakala zilizovunjwa, zisizo na sharti lolote, zilikuwa mtandaoni kabla hata ya siku ya kutoka. Machi 2013 kampuni hiyohiyo ikatoa SimCity, mchezo wa kujenga mji ambao wengi huucheza peke yao, ikaufanya usifunguke bila intaneti. Seva zilizidiwa siku ya kwanza. Watu waliolipa bei kamili walikaa foleni kwa muda mrefu wakisubiri ruhusa ya kuchezea kitu kilichokwisha kupakiwa kwenye mashine zao, na Amazon ikasitisha kwa muda kuuza toleo la kupakua. Watengenezaji walisema kwamba hesabu nyingi za mji zilihitaji seva. Haukupita muda, wadadisi wakaonyesha kwamba mji uliendelea kujiendesha intaneti ikikatwa. Kwa mchezaji wa Mwanza au Bujumbura, ambaye bando huisha na umeme hukatika, sharti la namna hii lina maana moja tu: mchezo huo haukutengenezwa kwa ajili yake.

Makufuli ya zamani nayo yameacha mabaki yake. Michezo mingi ya miaka ya mwanzo ya 2000 ililindwa kwa SafeDisc, iliyotegemea kiendeshi kilichokaa ndani kabisa ya Windows. Kiendeshi hicho kilikuwa na udhaifu wa kiusalama, na Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, Microsoft ilikataa kukiruhusu. Uamuzi ulikuwa sahihi. Matokeo yake, mtu mwenye diski halisi, boksi na risiti hawezi kuufungua mchezo wake, ilhali mwenye nakala iliyovunjwa anacheza bila taabu.

Muziki ndio ulioacha njia hii mapema. Februari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple, alizitaka kampuni za muziki ziachane na makufuli, kampuni ya EMI ikakubali Aprili mwaka huo, na kufikia 2009 nyimbo za duka la Apple zilikuwa zikiuzwa bila kufuli. Mtafiti Laurina Zhang alilinganisha mauzo ya albamu kabla na baada ya mabadiliko hayo, akakuta mauzo ya kidijitali yamepanda kwa asilimia 10. Albamu zisizo maarufu ndizo zilizonufaika, kwa asilimia 30 hivi. Zile zilizokuwa kileleni hazikuongezeka. Msanii mdogo, yule ambaye makufuli yalisemekana kumlinda, ndiye aliyekuwa akiumizwa nayo.

Michezo inaelekea upande mwingine. Machi 31, 2024 Ubisoft ilizima seva za The Crew, mchezo wa magari wa mwaka 2014 ambao hata aliyeucheza peke yake alihitaji seva hizo. Diski zote zilizouzwa zikawa hazina kazi. California imepitisha sheria inayozitaka kampuni zimweleze mteja wazi kwamba anachopata ni leseni pale zinapotumia neno kununua. Ulaya, raia wanadai zaidi ya hapo: ombi lao lililotokana na kampeni ya Stop Killing Games lilivuka saini milioni 1 Julai 2025, kiwango kinachoilazimu Tume ya Ulaya kulichunguza na kulijibu. Waliotia saini hawadai seva ziendeshwe milele. Wanadai kampuni inapoachana na mchezo iwaachie wanunuzi toleo linalofanya kazi bila seva, na hilo ni dai la haki. SimCity yenyewe ilipewa toleo la namna hiyo Machi 2014, mwaka mmoja baada ya wateja kuambiwa kwamba haliwezekani.