Jumamosi ya Nyumbani

Mwulize mtoto wa shule, "Habari za shule leo?" Atakujibu, "Nzuri." Mwulize tena, "Mmejifunza nini?" Atakwambia, "Mambo mengi." Hapo mazungumzo yamekwisha. Wewe umechoka, umetoka kazini au sokoni, chakula hakijaiva, na yeye ana kazi ya mwalimu ambayo lazima aimalize kabla ya kulala. Kesho yake ni hivyo hivyo, na kesho kutwa, mpaka Ijumaa. Juma zima limepita, na tulichojua juu ya mtoto wetu ni kwamba habari za shule ni nzuri.

Wengi wetu tunaishi hivyo siku za kazi, wala si kwa sababu hatuwapendi watoto. Katika jiji kama Dar es Salaam, ambalo kwa sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na watu zaidi ya milioni 5, familia ya Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto huamka giza likiwa bado nene. Mtoto anasubiri gari la shule huku anasinzia, baba anagombea basi, mama anawahi ofisini au anakwenda kufungua genge lake. Jioni kila mmoja anarudi kwa wakati wake. Zinazobaki ni siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili. Mwezi huu tumeona vema tuzizungumzie siku hizo, hasa Jumamosi. Je, tunaitumiaje? Na watoto wetu wanapata nini ndani yake?

Jumamosi inakwenda wapi?

Hebu tuihesabu. Asubuhi kuna kufua sare za shule na mashuka ya juma zima. Mtoto aliye katika darasa la mtihani anakwenda twisheni, harudi mpaka mchana. Mama anakwenda sokoni. Alasiri kuna kikoba, au kuna msiba wa jirani. Jioni kuna kikao cha harusi, na asiyehudhuria vikao vya wenzake anajua yatakayomkuta siku atakapooza au kuozesha yeye. Kisha kuna mazoezi ya kwaya na mkutano wa akina mama kanisani. Jumapili ni ibada, baada ya ibada kuna mgonjwa wa kumwona, na jioni ni kupiga pasi na kujiandaa kwa Jumatatu.

Mambo hayo yote ni mema. Hatusemi mtu aache kuzika, kuozesha wala kuimba. Lakini tukiwa wakweli, yako majuma ambayo mama amekaa na wanakwaya wenzake saa nyingi kuliko alizokaa na mwanawe. Mtoto amemwona akitoka na kitabu cha nyimbo, na amemwona akirudi na kitabu cha nyimbo. Tunamtumikia kila mtu, na wa nyumbani tunawapa masalio.

Ziko pia nyumba ambazo watu wote wapo tangu asubuhi, lakini ni kama hawapo. Baba yuko kwenye mpira wa televisheni, mama yuko kwenye simu, kijana naye yuko kwenye simu yake, na mdogo amewekewa katuni ili asisumbue. Kuwa chini ya paa moja si kuwa pamoja.

Mtoto huzungumza mikono ikiwa kazini

Watoto hawazungumzi kwa kuitwa. Mketishe kwenye kochi umwambie, "Haya, nieleze, una tatizo gani?" na ataona yuko mbele ya baraza la wazee. Atainamisha kichwa na kuchezea vidole. Lakini weka sinia la mchele katikati yenu, mchambue pamoja. Macho yako yako kwenye mchele, na yake yako kwenye mchele. Hakuna anayemkodolea mwenziwe. Kwanza atakueleza habari za paka wa jirani. Baadaye kidogo atanyamaza. Halafu, bila kuinua uso, atasema, "Mama, hivi mtu akikuchukulia hela yako kila siku, ukimwambia mwalimu ni umbeya?"

Swali hilo si la kupitisha muda. Mtoto wa darasa la tatu ambaye wakubwa wamekuwa wakimnyang'anya hela ya kula tangu muhula uanze hatakuja kukutangazia mlangoni. Anakupima kwanza. Ukiruka na kufoka, "Nani huyo? Na kwa nini siku zote hukusema?" atajuta kufungua mdomo. Ukimjibu taratibu, mkono wako ukiendelea kuchambua, "Hapana mwanangu, huo si umbeya. Ilikuwaje?" atakueleza yote kipande kwa kipande, na mchele utakuwa umekwisha.

Ndivyo ilivyo pia wakati wa kusuka. Binti ameketi kwenye mkeka, mgongo wake umeegemea magoti ya mama, na uso wake unatazama uani. Mama mmoja jirani yetu husema kwamba mambo makubwa ya binti yake, tangu alipovunja ungo mpaka alipoanza kuandikiwa barua na wavulana, aliyasikia akiwa ameshika kitana. Kama angeharakisha kumpeleka saluni kila mara, huenda angeyasikia kwa majirani.

Tunasema haya kwa uzito, maana yako mambo ambayo mtoto asipopata wa kumwambia huumia peke yake. Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla hawajatimiza miaka 18. Hao ni watoto wa nyumba kama zetu. Mtoto aliyefanyiwa jambo kama hilo hawezi kulisema huku anahimizwa avae viatu, gari linapiga honi. Anahitaji mtu mzima ambaye hana haraka. Na mzazi akilisikia, asilifunike kwa ajili ya aibu ya ukoo. Amwamini mtoto, ampeleke hospitali, atoe taarifa polisi kwenye dawati la jinsia na watoto au kwa ofisa ustawi wa jamii. Hapa Tanzania ipo pia simu ya kusaidia watoto, namba 116.

Mapumziko ni haki, si zawadi

Wapo wazazi wanaoona kwamba mtoto anayecheza anapoteza muda, na kwamba Jumamosi bila vitabu ni kumlea mvivu. Tuwakumbushe kwamba Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika ibara ya 31, unatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Kenya iliuridhia mwaka 1990, na Tanzania mwaka 1991. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 auchangamshe mwili wake kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Kwa wadogo zaidi, mwongozo wa mwaka 2019 unashauri kwamba aliye chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya televisheni wala simu, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

Mtoto anayekaa garini alfajiri na jioni, darasani mchana, na twisheni Jumamosi, dakika hizo 60 atazipata wapi? Hahitaji kununuliwa kitu. Mpira wa makaratasi na chupa ya kujaza mchanga vinatosha kwa rede. Vijiwe vichache na kishimo kidogo vinatosha kwa mdako. Kopo tupu linatosha kwa kombolela. Na mama akiingia katikati kukwepa mpira wa rede, kanga imefungwa kiunoni, watoto wataisimulia siku hiyo mpaka Krismasi.

Tuanzie wapi?

Hatutaki kumwongezea mama mzigo mwingine. Haya ni mambo machache ambayo familia yoyote yaweza kuyajaribu.

1. Chagueni nusu siku moja, mwilinde. Si lazima iwe Jumamosi nzima. Inaweza kuwa kuanzia saa 8 mchana mpaka usiku. Mama anayeuza sokoni au muuguzi wa zamu anaweza kuchagua Jumapili baada ya ibada, au siku nyingine anayokuwa nyumbani. La maana ni kwamba watoto waijue siku hiyo na waitegemee. Ukialikwa kwenye kikao saa hizo, jibu kwa heshima, "Leo nina kikao nyumbani." Mchango wako unaweza kuutuma.

2. Kazi za nyumbani zifanywe pamoja. Msingoje kazi ziishe ndipo mpumzike, maana haziishi. Chukua mfano wa chapati. Wa miaka 5 anaweza kupima unga na chumvi kwenye bakuli. Wa miaka 9 anamimina maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Wa miaka 12 anakanda mpaka unga ulainike. Kisha unga unafunikwa na kuachwa nusu saa au zaidi ili ulegee, na nusu saa hiyo ni ya soga tu. Baadaye mmoja anasukuma, mmoja anapaka mafuta, mmoja anakunja na kuzungusha, na mama au mkubwa wao yuko kwenye kikaango kwa sababu ya moto. Chapati ya mdogo itatoka na pembe kama ramani. Msiicheke, mpeni baba aile yeye.

3. Baba awe na nafasi yake. Kulea si kazi ya mama pekee, wala kazi ya baba si kuleta fedha na kuchapa tu. Baba anaweza kuwakusanya watoto wang'arishe viatu vya Jumapili, au warekebishe kiti kilicholegea, au waende pamoja kwa kinyozi kwa miguu. Kijana wa miaka 14 asiyetaka kuzungumza mezani huzungumza njiani. Nawe mama, baba akifunga kitambaa cha mtoto ovyo au akimpikia uji wenye madonge, usimkosoe mbele ya watoto. Akikosolewa mara mbili atarudi kwenye mpira wake.

4. Simu zilale. Tafuteni kikapu, wote waweke simu zao humo wakati wa chakula na wakati wa mazungumzo, kuanzia kwa mama na baba. Mtoto hawezi kuacha kitu ambacho wazazi wake hawakiachi.

5. Msimsahau dada wa kazi. Nyumba nyingi hupumzika mgongoni mwa msichana mmoja anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko yasiyopungua saa 24 kila wiki. Naye ni mtoto wa watu. Ratiba ya mapumziko ya nyumba imhesabu na yeye, na watoto wajifunze kuosha sahani zao siku hiyo.

6. Jioni iwe ya maneno. Luku ikiisha, msihuzunike sana. Tandikeni mkeka uani, mwiteane, "Kitendawili!" "Tega!" Bibi au babu akiwepo, yeye ndiye mgeni rasmi. Watoto wengi wa mjini hawajui baba yao alichunga mbuzi wapi, au mama yao alivuka mto gani kwenda shule. Wasimulieni. Mtoto anayezijua shida za wazazi wake huona kwamba na za kwake zinasemeka.

Na kama hakusema kitu?

Usikate tamaa. Huenda mtachambua mchele Jumamosi nne, na mtoto asiseme lolote zaidi ya habari za paka. Hujapoteza wakati. Anaangalia kama upo kweli, na kama Jumamosi ijayo utakuwepo tena. Msikilize habari za paka mpaka mwisho, ucheke panapochekesha. Anayesikilizwa katika madogo ndiye atakayeleta makubwa.

Wala tusidanganyane kwamba siku hiyo itakuwa ya amani tupu. Wadogo watagombania kijiti cha kusukumia chapati, maji yatakatika sabuni ikiwa mwilini, na mgeni atabisha hodi katikati ya mdako. Mkaribisheni mgeni, mpeni sinia naye achambue. Nyumba yenye kelele za namna hiyo ni nyumba nzima.

Watoto hukaa nasi kwa muda mfupi. Aliye darasa la kwanza leo, baada ya miaka saba au minane anaweza kuwa bweni, akaja nyumbani likizo tu, na hapo atakuwa ameshachagua watu wa kuwaambia mambo yake. Wakati wa kuwemo miongoni mwa watu hao ni huu, angali anagombania kukaa karibu na mama jikoni. Basi Jumamosi hii, kabla hujatoka kwenda kwenye kikao, angalia kama kuna mchele wa kuchambua.